Tasa, Ungo na Chekeche: Istilahi za Kiswahili za Kuchanganua Namba Kubwa kwa Programu za Kompyuta, kwa Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Usalama wa sehemu kubwa ya miamala ya kielektroniki umejengwa juu ya jambo moja la hisabati: kuzidisha namba mbili kubwa ni rahisi, lakini kuipokea jibu na kurudi nyuma hadi kwenye namba hizo mbili ni kazi ngumu mno. Zipo programu za kompyuta zinazoifanya kazi hiyo ya kurudi nyuma, na uwezo wake ndio unaoamua ukubwa wa namba zinazotumika kulinda fedha za watu. Makala haya yanaeleza namna programu hizo zinavyofanya kazi, na papo hapo yanachunguza kama Kiswahili cha hisabati kinachofundishwa katika shule za msingi kinatosha kuieleza. Inadaiwa kwamba msamiati wa msingi upo na umeundwa kwa mantiki nzuri ya kimofolojia. Kwamba istilahi moja kongwe, tasa, inapotosha. Na kwamba pale Kiingereza kinapotumia neno moja la kuchekecha kwa mbinu mbili tofauti, Kiswahili kina maneno mawili yanayozitenganisha. Mifano inahusishwa na wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi.

1.0 Utangulizi

Mkulima wa Ruangwa anayepeleka korosho zake katika chama cha msingi hupimiwa mzigo, huandikiwa stakabadhi, kisha husubiri mnada. Vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale vimeunganishwa katika chama kikuu cha ushirika kinachoitwa RUNALI, jina lililoundwa kwa silabi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulitungiwa sheria mwaka 2005 na ukaanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008. Katika msimu wa 2024/2025 minada hiyo ilihamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi sasa anaweza kutuma zabuni akiwa mbali na ghala, na malipo ya mkulima hupitia akaunti yake.

Mabadiliko hayo yamezaa swali ambalo mkulima ana haki ya kuuliza: ni kitu gani kinachozuia mtu wa kati asiisome zabuni au kuibadili njiani? Jibu analopewa kwa kawaida ni kwamba mfumo ni salama. Hilo ni tamko, halijafika kuwa maelezo. Maelezo yenyewe yanahusu namba tasa, vigawo na baki, yaani mambo ambayo mtoto wa mkulima huyo huyo amefundishwa kwa Kiswahili kabla ya kumaliza darasa la saba. Akiingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza, na maarifa yale yanabaki yamefungwa katika msamiati usiotumika tena darasani. Suala la istilahi hapa, kwa hiyo, lina uzito kuliko tafsiri ya maneno: linahusu kama mwenye mali anaweza kuelezwa kinacholinda mali yake kwa lugha anayoifikiria.

2.0 Msamiati uliopo: kigawo na kigawe

Hisabati ya shule ya msingi ina jozi ya maneno inayostahili kusifiwa na kila mwanamofolojia. Kigawo ni namba inayoigawa namba nyingine bila kuacha baki. Kigawe ni namba inayogawika. Kwa mfano, 7 ni kigawo cha 21, na 21 ni kigawe cha 7. Maneno yote mawili yametokana na mzizi -gaw-, na tofauti yake imebebwa na irabu ya mwisho pekee. Kiambishi tamati -o katika nomino zitokanazo na vitenzi huelekea kutaja kifaa au njia ya kutendea, kama ilivyo katika kizibo na kifuniko. Kiambishi -e huelekea kutaja anayetendwa: mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Kigawo basi ni kifaa cha kugawia, na kigawe ni kilichogawiwa. Mwanafunzi anayeujua mpangilio huo hahitaji kukariri.

Ni kweli kwamba irabu moja ni uzi mwembamba wa kuning'iniza dhana mbili, na o na e huchanganywa kwa urahisi katika mwandiko wa haraka. Hata hivyo, uwazi wa jozi hii ni mkubwa kuliko wa istilahi za Kiingereza, ambazo mizizi yake haina uhusiano wowote unaoonekana. Kutokana na jozi hiyo zimepatikana Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) na Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS), vifupisho ambavyo mtu mzima aliyepitia shule ya msingi huvikumbuka hata kama amesahau namna ya kuvikokotoa. KKS itarudi baadaye, kwa kuwa ndiyo inayohitimisha kazi ya programu kubwa kuliko zote zitakazotajwa.

Kitenzi cha kutaja kazi nzima hakijatulia. Kuchanganua ndicho kinachotumika katika makala haya, lakini kina kasoro moja. Namba huweza kuvunjwa kwa kujumlisha au kwa kuzidisha, na lugha zenyewe huvunja namba kwa njia zote mbili. Katika Kiyao na Kimakonde, lugha zinazosikika kusini mwa Lindi sambamba na Kimwera, sita hutajwa kama 'tano na moja' na saba kama 'tano na mbili'. Kiswahili kimeuficha ujumlishaji huo kwa kukopa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, lakini kimeubakiza katika kumi na moja, na kimebakiza uzidishaji katika elfu tatu au laki tano. Kwa mzungumzaji wa lugha hizi, kuichanganua 21 kunaweza kuwa 20 na 1 kwa uhalali ule ule wa 3 mara 7. Ndiyo maana inafaa kusema kuchanganua namba kuwa vigawo, na kutokiacha kitenzi kisimame peke yake.

3.0 Tasa: sitiari iliyogeuka

Namba isiyo na kigawo ila 1 na yenyewe huitwa namba tasa. Neno hili limeenea, limo vitabuni na katika mitihani, na hakuna dalili kwamba litaondoka. Linastahili kuchunguzwa hata hivyo, kwa sababu linaitazama dhana kutoka upande usiofaa.

Tasa ni mtu au mnyama asiyezaa. Aliyeichagua sitiari hii alitazama ugawanyaji: namba 12 'inazaa' 2, 3, 4 na 6, ilhali 13 haizai kitu. Kigiriki, Kilatini na Kiarabu vilitazama upande wa kuzidisha, na vyote vitatu vikaziita namba hizi kwa neno lenye maana ya 'za kwanza'. Katika mtazamo huo namba tasa ndizo zinazotangulia, na nyingine zote hutokana nazo. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo lina mpangilio mmoja tu wa vigawo ukiacha suala la nani atangulie. 1909 ni zao la 23 na 83, na hakuna jozi nyingine ya namba tasa duniani itakayoizaa 1909. (Neno zao lenyewe lina bahati mbaya yake katika wilaya ambazo zao, bila maelezo zaidi, ni korosho.)

Kwa hiyo namba zinazoitwa tasa ndizo wazazi wa namba zote. Sitiari imegeuzwa miguu juu. Katika jamii za Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambazo kwa mila hufuata ukoo wa mama, utasa wa mwanamke una maana nzito: tawi la ukoo linaishia kwake. Mwanafunzi anayelileta neno hilo darasani pamoja na uzito wake wa nyumbani ataelewa kwamba namba tasa ni mwisho wa njia. Katika ugawanyaji hajakosea. Lakini usimbaji unaoelezwa hapa unaanzia kwenye namba hizo, hauishii hapo. Tena lipo suala la staha, kwa kuwa neno lenyewe ni la kuumiza linapoelekezwa kwa mtu.

Je, libadilishwe? Mbadala wa karibu ungekuwa awali, neno la asili ile ile ya Kiarabu, lakini namba ya awali tayari ina maana ya kawaida ya namba iliyotangulia nyingine katika mfuatano au katika daftari. Gharama ya kuling'oa neno lililokwishaota mizizi ni kubwa kuliko faida. Kinachowezekana ni mwalimu kulieleza neno pande zote mbili siku ya kwanza: tasa kwa kugawa, mzazi kwa kuzidisha.

4.0 Ungo na chekeche

Njia ambayo kila mtu huifikiria kwanza ni kujaribu: gawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, uendelee hadi upate kigawo. Kwa namba ndogo njia hii inatosha. Kwa namba yenye tarakimu 250, ambayo vigawo vyake viwili vina tarakimu 125 kila kimoja, haifai kabisa. Kompyuta inayojaribu vigawo trilioni moja kwa sekunde, kama ingeanza kazi tangu ulimwengu ulipoanza miaka bilioni 13.8 iliyopita, leo ingekuwa imefikia namba zenye tarakimu 30 tu. Kuongeza kasi ya mashine hakusaidii; inahitajika mbinu nyingine.

Mbinu hiyo inaweza kuonyeshwa kwa kalamu na karatasi. Ichukuliwe 1909, na ichukuliwe kwamba vigawo vyake havijulikani. Kipeuo chake cha pili ni 43 na sehemu. Namba nzima zinazofuata zitafutiwe vipeo vya pili, na kila kimoja kilinganishwe na 1909:

44 × 44 = 1936, ziada 27
45 × 45 = 2025, ziada 116
46 × 46 = 2116, ziada 207
47 × 47 = 2209, ziada 300

Kama mojawapo ya ziada hizo ingekuwa yenyewe ni kipeo cha pili, kazi ingekwisha hapo hapo. Hiyo ni njia ya Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Hakuna. Lakini ziada zinaweza kuunganishwa. Kwanza kila ziada ichanganuliwe kwa namba tasa ndogo tu, tuseme 2, 3 na 5. Inaonekana kwamba 27 ni 3 × 3 × 3, na 300 ni 2 × 2 × 3 × 5 × 5. Hizo mbili zinavunjika zote. 116 inaacha 29, na 207 inaacha 23, hizo zinatupwa. (Mwenye macho ataona kwamba 23 iliyotupwa ndiyo jibu lenyewe. Mbinu hii haiangalii, na kwa namba kubwa bahati ya namna hiyo haitokei.) Sasa 27 × 300 ni 8100, nayo ni 90 × 90. Upande wa pili, 44 × 47 ni 2068, inayozidi 1909 kwa 159. Hivyo kipeo cha pili cha 159 na kipeo cha pili cha 90 vina baki moja vikigawanywa kwa 1909. Tofauti yao ni (159 − 90) × (159 + 90), yaani 69 × 249, na tofauti hiyo inagawika kwa 1909. Inabaki kutafuta KKS ya 69 na 1909. Jibu ni 23. Ukigawa 1909 kwa 23 unapata 83.

Hakuna hatua hata moja hapo juu iliyohitaji neno ambalo halimo katika Kiswahili cha shule ya msingi: kipeo na kipeuo cha pili, ziada, baki, kigawo, KKS. Kinachokosekana ni majina mawili: la namba kama 27 na 300, ambazo vigawo vyake tasa vyote ni vidogo, na la kitendo cha kuzitenga na nyingine.

Kwa kitendo hicho Kiingereza kinatumia neno lile lile linalotumika kwa mbinu ya kale ya Eratosthenes, ambayo huorodhesha namba, ikafuta vigawe vya 2, vya 3, vya 5, na kuacha namba tasa zikiwa zimebaki. Mfasiri anayefuata Kiingereza atatumia neno moja kwa zote mbili. Jiko la Kiswahili halikubali. Kuna angalau vitendo vitatu vya kutenganisha vilivyo na vyombo vyake. Anayepepeta kwa ungo hurusha nafaka. Makapi hupeperuka, na kinachotakiwa ni kile kinachobaki juu ya ungo. Anayechekecha kwa chekeche hutikisa. Kinachotakiwa, unga, ni kile kilicho laini kinachopita matunduni, na chenga na wishwa hubaki juu. Anayechuja tui kwa kichujio naye hutaka kinachopita, lakini kitu chake ni majimaji.

Ukiipima mbinu ya Eratosthenes kwa kipimo hicho, ni kupepeta. Namba zenye vigawo hupeperushwa kundi baada ya kundi, na zile nzito zisizovunjika hubaki. Hapo ungo wa Eratosthenes ni jina sahihi. Mbinu ya 1909 ni kinyume: zinazotakiwa ni zile zilizosagika kabisa kuwa namba tasa ndogo, na zinazobaki na kipande kigumu kama 29 hutupwa. Hapo ni kuchekecha, na jina la kifaa ni chekeche. Tofauti hii haikuletwa na mtu wa istilahi. Ilikuwamo katika lugha tangu kabla ya kompyuta kufika, na inamweleza mwanafunzi upande gani wa chombo atazame.

Sitiari ya chekeche inaleta na jina la pili bila kulazimishwa. Kinachopita ni laini. Kwa hiyo namba ambazo vigawo vyake tasa vyote ni vidogo ni namba laini. Kuna kikwazo kimoja cha kisasa: nchini Tanzania laini ni kadi ya simu, na namba ya laini ni jambo ambalo kila muuza vocha wa Nachingwea hulitaja kila siku. Sarufi inasaidia kiasi. Namba laini, bila kihusishi, ina kivumishi. Namba ya laini, yenye kihusishi, ina nomino. Darasani tofauti hiyo inatosha. Katika mazungumzo ya simu pengine haitoshi.

5.0 Programu zenyewe

Kilichofanywa kwa 1909 ndicho kiini cha mbinu aliyoiunda Carl Pomerance mwaka 1981, na ya mrithi wake wenye nguvu zaidi unaotumia mashamba ya namba. Programu hutofautiana kwa ukubwa wa kazi zinazoimudu. Katika kompyuta yoyote yenye Linux kuna amri ndogo iitwayo factor. Ukiiandikia 1909 inajibu kwa mstari mmoja: 1909: 23 83. Inapendeza kuona kwamba jibu hilo halina neno la lugha yoyote. PARI/GP, iliyoanzia Bordeaux miaka ya 1980, inamudu namba za makumi ya tarakimu na ina toleo la simu za Android, jambo lenye maana katika wilaya ambako simu ni nyingi kuliko kompyuta. GMP-ECM hutumia mbinu ya Hendrik Lenstra ya mikunjo ya eliptiki kuwinda kigawo kidogo kilichojificha ndani ya namba kubwa. (Mfasiri asishawishike kuiita mikunjo ya duaradufu, mikunjo hiyo si duaradufu, na hapa kukopa ni salama kuliko kutafsiri.) Msieve na YAFU huchekecha kwa kompyuta ya kawaida ya mezani. Kwa namba kubwa kupita zote hizo kuna CADO-NFS, iliyoendelezwa Ufaransa.

Hatua za CADO-NFS zinafaa kutajwa kwa mpangilio, kwani ndipo istilahi zinapojaribiwa. Kwanza huteuliwa polinomia. Kisha huja kuchekecha, ambako mashine nyingi hukusanya mahusiano mengi kama yale ya 44 na 47. Baada ya hapo huja hatua ambayo jina lake la Kiingereza lingemvuta mfasiri aseme kuchuja. Lakini katika hatua hiyo hakuna majimaji wala kinachopita: mahusiano yaliyojirudia huondolewa, na yale yenye namba tasa isiyoonekana katika uhusiano mwingine wowote, kwa hiyo lisilo na mwenzi wa kuunganishwa naye, hutupwa. Hiyo ni kazi ya mikono juu ya sinia la mchele. Ni kuchambua. Kitenzi hicho, ambacho wahakiki wa fasihi wamekizoea kwa kazi nyingine, kinafika hapa kikiwa na maana yake ya kwanza. Mwisho huja aljebra ya mstari, inayoamua ni mahusiano gani yazidishwe pamoja, kisha kipeuo cha pili, kisha KKS.

Kwa programu hiyo, timu ya Fabrice Boudot, Pierrick Gaudry, Aurore Guillevic, Nadia Heninger, Emmanuel Thomé na Paul Zimmermann ilichanganua namba iitwayo RSA-250, yenye tarakimu 250 au biti 829, mnamo Februari 2020. Kazi yote ililingana na miaka 2,700 ya kiini kimoja cha kompyuta, na takriban 2,450 kati ya hiyo ilikuwa ya kuchekecha. Mwaka 1994 namba ya tarakimu 129, iliyotangazwa kama changamoto mwaka 1977, ilikuwa imechukua miezi kadhaa ya kompyuta za wajitoleaji wapatao 600 walioshirikiana kwa barua pepe. Tarakimu zinazidi polepole, na jasho linazidi kwa kasi. Funguo za RSA zinazotumika sasa huanzia biti 2048, yaani namba ya tarakimu 617.

Maelezo ya programu hizi zote hutolewa kwa Kiingereza. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na ukaonyesha kwamba kazi ya namna hiyo inawezekana. Kwa zana za hisabati mahitaji ni madogo zaidi: ujumbe wa makosa, majina ya hatua na maelezo ya matumizi, maneno mia chache tu. Mtu wa kuyatafsiri anapatikana. Orodha ya istilahi iliyokubaliwa, ili mtafsiri wa leo na wa kesho wasipishane, ndiyo ambayo haijawekwa mezani.

6.0 Kufuli, ufunguo na muhuri

Mfumo wa RSA, uliotungwa na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman mwaka 1977, hufanya kazi hivi kwa ufupi. Mwenye mfumo huchagua namba tasa mbili kubwa na kuzizidisha. Zao hutangazwa, na yeyote anaweza kulitumia kuficha ujumbe. Vigawo huwekwa siri, na anayevijua ndiye awezaye kuufichua. Anayetaka kuuvunja mfumo kwa mlango wa mbele lazima azichanganue zile tarakimu 617. Mifumo mingi ya mtandaoni hutumia RSA, na mingine imehamia kwenye mikunjo ya eliptiki ambayo ugumu wake ni wa aina nyingine; mtumiaji wa kawaida hawezi kutambua kwa kutazama skrini ya simu yake ni upi unaotumika.

Sehemu mbili za RSA zimezoea kuitwa kwa Kiswahili ufunguo wa umma na ufunguo wa siri. Ya kwanza ni kosa ambalo mofolojia inalifichua. Ufunguo umetokana na fungua, na fungua ni funga iliyotiwa kiambishi cha kutendua, -u-, kama ziba na zibua, fumba na fumbua. Ufunguo, kwa muundo wake, ni cha kufungulia. Lakini 'ufunguo wa umma' haufungui chochote. Kazi yake ni kufunga. Mkulima akiambiwa kwamba ufunguo wa mfumo umetangazwa kwa umma atashtuka, na mshtuko wake utakuwa wa haki kisarufi. Kitu kinachoweza kugawiwa kwa watu wote bila hatari, ambacho yeyote anaweza kukibana na mwenyewe pekee akakifungua, kina jina katika kila duka la vifaa pale Ruangwa mjini: ni kufuli. Kufuli la umma na ufunguo wa siri ni jozi inayoeleza jambo lilivyo. Inamwezesha pia mwenye akaunti kuona kwa nini hakuna mtu wa benki wala wa chama mwenye sababu ya kumwomba namba yake ya siri kwa simu: anayetaka kumtumia kitu anahitaji kufuli tu.

Jozi hiyo ina mpaka wake. RSA hutumika pia kutia saini, na katika saini mwelekeo hugeuka: mwenye siri ndiye anayetenda, na umma ndio unaohakiki. Kufuli halina la kufanya hapo. Inayofaa ni muhuri, kitu ambacho mwenyewe pekee ndiye anayekigonga na kila mtu anaweza kukisoma na kukilinganisha. Stakabadhi ya ghala ya karatasi imekuwa ikigongwa muhuri siku zote, na karani anayeshuku alama huweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akatazama ukingo wa duara na mwanya wa herufi. Katika stakabadhi ya kielektroniki iliyotiwa saini ya RSA, ulinganishaji huo hufanywa na programu, kwa kutafuta baki ya namba moja ikigawanywa kwa nyingine.